Nusu Mbili za Kitabu cha Lattanzio

Mwalimu Nives Bartolacci alifundisha Kilatini katika sekondari ya Montefosco mpaka alipostaafu, na watu wa mji huu wako tayari kuapa kwamba muda wote huo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akicheka darasani. Nje ya darasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mwingi wa maneno, mpenda kahawa, na hakupenda kushindwa hata kidogo. Ukibishana naye sokoni kuhusu jibini lipi limeiva, utarudi nyumbani na lile alilokuchagulia yeye, na utalila, na utakubali kwamba ni zuri.

Alipostaafu, dada yake Loretta, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alitegemea kwamba sasa kila kiangazi wangekwenda pwani kukaa chini ya mwavuli kama wastaafu wote wenye akili zao. Nives akajiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Loretta alimwambia kwamba kwa umri ule watu hutafuta daktari wa kuwatibu, hawatafuti kuwa madaktari wa vitabu. Nives akamjibu kwamba daktari wa kumtibu anaye tayari na hamsikilizi, basi bora awe na udaktari wake mwenyewe.

Alichosomea kilikuwa vitabu vya kwanza kuchapwa, vya zama zile ambapo wasomi wa Italia walikuwa wamepagawa na Kilatini cha kale, na wenye mitambo ya kuchapa wakipigana vikumbo kuwatolea vijitabu vya kutia mfukoni. Hakuishia kwenye maneno yaliyomo. Alisoma karatasi, uzi wa kushonea, wino, nani alikipigia kitabu mistari na nani alikimwagia mchuzi. Wanafunzi wenzake, ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, walimwita Bibi Nives na kumwekea kiti karibu na dirisha. Alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana, na hakuificha.

Aliyemteka moyo hasa alikuwa Lattanzio, mwalimu wa shule aliyeishi huku kwetu kwenye vilima vya mkoa wa Marche karibu miaka mia tano iliyopita. Alizaliwa Montefosco na akafia Castelrovero, mji wa ng'ambo ya mto, na kosa hilo miji yetu miwili haijamsamehe hadi leo. Sisi tunasema ni wetu kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Wao wanasema ni wao kwa kuwa ndiko alikochagua kukaa, jambo ambalo sisi tunalieleza kwa kusema kwamba alikuwa mgonjwa.

Katika maktaba ya Montefosco kuna kijitabu kilichokuwa chake, mkusanyiko wa barua za kuwafundisha wavulana kuandika Kilatini cha adabu. Pembeni mwa kurasa Lattanzio alikuwa akichora kijimkono chenye kidole kinachoonyesha mstari wa kuzingatia. Wasomi wengi wa wakati huo walichora vijimkono, lakini cha Lattanzio kina kidole kirefu kupita kiasi, na kwenye kifundo kuna kifungo cha shati. Sasa, katika maktaba ya Castelrovero kuna kijitabu kingine cha ukubwa uleule, cha vichekesho vya Kilatini, na kwenye nakala chache hafifu za fotokopi ambazo Nives aliwahi kutumiwa kulikuwa na mkono uleule, kidole kilekile, kifungo kilekile. Kwenye ukurasa wa kwanza palionekana pia vitundu vitatu vya bungua, mdudu anayetoboa karatasi, na cha kwetu Montefosco kilikuwa na vitundu vitatu, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Hapo ndipo wazo lilipomwingia na likakataa kutoka. Vijitabu hivi viwili vilikuwa vimeshonwa pamoja kuwa kitabu kimoja, kama walimu wa zamani walivyozoea kufanya, na bungua akavitoboa vikiwa vimelala pamoja. Halafu, serikali ilipofunga nyumba ya watawa iliyovitunza na miji yetu ikapeleka mikokoteni yake siku moja kugawana vitabu, mtu alikikata katikati. Nives aliandika sura nzima, ndefu kuliko zote katika tasnifu yake. Alieleza jinsi Lattanzio alivyoanza na barua, yaani nidhamu, sarufi na adabu, na kwamba ni baada ya wavulana kuiva tu ndipo alipowaruhusu kidogo waguse vichekesho. Ilikuwa sura nzuri sana. Loretta alipoisoma alisema huyo Lattanzio anafanana na mtu anayemfahamu, ila hamkumbuki vizuri.

Msimamizi wake chuoni aliisifu sura ile, kisha akamwambia waziwazi kwamba bila kuviweka vijitabu viwili pamoja na kuvitazama kwa macho, hayo ni maneno matupu, na jopo la watahini litamla mzima.

Na hapo ndipo kazi ilipoanza. Maktaba ya Castelrovero ilikuwa kwenye matengenezo, vyuma na mbao vimeizunguka tangu zamani sana, vitabu vyake vimo ndani ya masanduku, na ufunguo wa masanduku alikuwa nao Egisto Pierleoni, mpima ardhi mstaafu aliyejitolea kuwa mlinzi wa maktaba hiyo na wa heshima ya mji kwa jumla. Egisto na Nives walikuwa wakirushiana maneno kwenye gazeti la mkoa juu ya Lattanzio tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Nives alipompigia simu kumwomba akione kijitabu, Egisto alimsikiliza kwa upole wote. Kisha akasema hawezi kukitoa cha kwao kikachunguzwe kama mgonjwa huku cha Montefosco kimekaa nyumbani kinakunywa kahawa. Kama ni kukutana, vikutane. Montefosco walete chao Castelrovero.

Baraza la mji wetu liliposikia hivyo lilicheka mpaka likakohoa. Chetu kivuke mto? Walete wao. Castelrovero nao wakajibu vilevile, kwa barua yenye muhuri. Majira ya baridi yakapita hivyo. Nives alikuwa akihesabu wiki kila asubuhi, maana siku ya kujieleza mbele ya jopo ilikuwa imepangwa mwezi wa sita, na tasnifu yake yote ilikuwa imening'inia kwenye matundu ya wadudu.

Aliyewatoa kwenye mkwamo ni Iole, mama mwenye mgahawa pale darajani. Kila mtu huku anajua kwamba mpaka wa miji miwili unapita katikati ya ukumbi wake wa kulia chakula. Maji anapata ya Montefosco, takataka zake zinazolewa na Castelrovero, na wakati wa uchaguzi wagombea wa pande zote huja kula kwake na kumwahidi barabara. Iole alimwambia Nives, huku akimfutia meza, kwamba meza kubwa ya katikati imekaa nusu huku nusu kule. Wakiviweka vitabu hapo, hakuna kitakachotoka kwao, wala hakuna atakayesema kaenda kwa mwenzake.

Mabaraza mawili yalitafuta kasoro katika mpango huo na hayakuiona. Yakaandikiana makubaliano. Mji ambao kijitabu chake kitaonekana ndicho kilichotangulia katika kitabu cha Lattanzio, mji huo ndio utakaoonyesha nusu zote mbili pamoja kiangazi kizima, na mji mwingine utapeleka nusu yake kwa adabu. Meya wetu, Learco Zanchini, alikuwa na hakika kupita kiasi. Alikuwa ameisoma sura ya Nives, au alisimuliwa, na akabandika mabango ya maonyesho mji mzima kabla vitabu havijafunguliwa.

Jumamosi ya tukio mgahawa ulijaa mpaka mlangoni. Watu wa Montefosco walikaa upande wao, wa Castelrovero upande wao, na harufu ya sungura wa kuoka ikavuka mpaka bila kumwuliza mtu. Egisto alikuja na kamba yake ya upimaji na ramani ya serikali. Alipima kutoka jiwe la daraja hadi dirishani, akapiga magoti bila kujali suruali yake nzuri, kisha akabandika utepe mweupe juu ya kitambaa cha meza. Ikaonekana kwamba chupa ya mafuta ya zeituni iko Castelrovero. Mtu wa kwetu akaisogeza.

"Mwalimu," Egisto alimwambia Nives, akimvutia kiti, "leo tutamaliza ubishi. Nitakosa cha kuandika gazetini."

"Utaandika pongezi," Nives alisema.

"Mikono yangu haijazoea hiyo kazi."

Walikubaliana kila mmoja ashike cha kwao na asiguse cha mwenzake. Nives alikilaza kijitabu cha barua juu ya mto wa sponji na kukifungua kwenye karatasi ya mwisho. Egisto alikilaza cha vichekesho na kukifungua kwenye karatasi ya kwanza. Kisha wakavisogeza polepole mpaka vikagusana kwenye utepe, vikawa kama kitabu kimoja kilichofunguliwa mbele ya watu.

Vitundu vitatu vya kushoto vilitazamana na vitundu vitatu vya kulia. Nives alipima kwa rula angavu, akapima tena. Vilikuwa sawa kwa sawa. Aliposema hivyo kwa sauti, ukumbi wote ukapiga makofi, hata wa ng'ambo, maana hata kama wamekuwa wa pili, jambo lenyewe lilikuwa tamu. Bungua mmoja alikuwa ameiunganisha miji yetu miwili, kazi ambayo maaskofu walishindwa. Learco akasimama na glasi yake na kuanza kukohoa kama anayetaka kuhutubia. Egisto alikuwa amekunja uso, lakini kiungwana, na alianza kukifunga kijitabu chake.

Nives hakupiga makofi. Alikuwa anatazama doa.

Kitabu cha Lattanzio kiliwahi kulowa maji, na maji huacha alama inayopungua kadiri yanavyozama ndani. Katika kijitabu cha barua, doa lilikuwa kubwa kama kiganja kwenye karatasi ya kwanza, likapungua na kupungua, na kwenye karatasi ya mwisho lilikuwa sawa na kokwa ya pichi. Siku zote Nives alikuwa akijiambia kwamba maji yaliingilia hapo mbele, kwenye barua, na kwamba kwenye vichekesho litakutwa doa dogo zaidi, au lisiwepo kabisa. Fotokopi hazikuwa zimeonyesha kitu. Na sasa karatasi ya kwanza ya vichekesho ilikuwa mbele yake, nusu ya ukurasa imegeuka rangi ya chai.

Alielewa papo hapo, na akaumia. Hakuna mwingine ukumbini aliyekuwa anajua kusoma doa. Vitundu vilikuwa vimenyooka, vingekubaliana kijitabu chochote kikitangulia, na jopo lingeridhika navyo. Sura yake ingebaki. Mabango yangebaki. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu na kunywa mvinyo kama watu wengine, na aliitazama glasi yake kwa muda ambao Loretta, aliyekaa nyuma yake, aliuona kuwa mrefu mno.

"Egisto, usifunge," alisema hatimaye. "Nenda karatasi ya mwisho."

"Hatukukubaliana hivyo."

"Najua. Nenda tu."

Egisto alifungua karatasi ya mwisho ya vichekesho, na Nives akakigeuza cha kwake hadi karatasi ya kwanza. Ili vitazamane ilibidi wabadilishane upande, kwa hiyo wakanyanyuka wote wawili, wakazunguka meza wakiwa wamebeba vitabu kama mapadri kwenye maandamano. Hivyo ndivyo kwa dakika chache kitabu cha Montefosco kilivyokaa katika ardhi ya Castelrovero bila mtu yeyote kukumbuka kupinga. Vikasogezwa. Vitundu vikakutana. Na doa la ukubwa wa kiganja likakutana na doa la ukubwa wa kiganja, ukingo kwa ukingo, hata ule mstari mweusi wa pembeni ukaendelea kutoka karatasi hii hadi ile bila kukatika.

"Cha Castelrovero ndicho cha kwanza," Nives alisema. "Maji yaliingilia kwenu. Lattanzio alianza na vichekesho, barua zikafuata. Mimi nimeandika kinyume, na nimekosea."

Learco bado alikuwa amesimama na glasi yake.

"Sasa Mwalimu," alisema taratibu, "mbona unatumaliza wenyewe?"

Learco alikuwa mwanafunzi wake zamani, na hata baada ya kuwa meya hakuwahi kuzungumza naye bila kufunga kifungo cha koti. Nives alimwambia akae, na meya akakaa. Upande wa pili wa utepe hakuna aliyeshangilia. Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa kushindwa au kwa ugomvi, na hawakuwa na desturi ya jambo la tatu. Egisto alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba amekitunza kijitabu hiki miaka yote na hajui kimeandikwa nini, kwa sababu Kilatini chake kiliishia kwenye sala, na kama Mwalimu haoni taabu, angependa kujua wavulana walianzishiwa nini hasa.

Nives akafungua kichekesho cha kwanza na kukitafsiri akienda, kidole hewani juu ya mistari.

Palikuwa na mwalimu mkali kuliko wote, ambaye hakuvumilia kosa wala kelele. Siku moja ya joto alisinzia kitini. Wanafunzi, kwa kuwa alikuwa amewakataza kutoa hata sauti, walivua viatu, wakatoka mmoja mmoja kwa kunyata, wakaenda zao kuogelea mtoni. Mwalimu alipozinduka alitazama madawati matupu kutoka mwanzo hadi mwisho, uso ukamng'aa, akasema, "Hatimaye, darasa lisilo na kosa hata moja."

Pembeni ya maneno hayo kulikuwa na kijimkono, kidole chake kirefu kuliko vyote alivyowahi kuviona Nives.

Hakuna aliyecheka. Upande wetu wa ukumbi ulijaa watu aliowafundisha, na kila mmoja alikuwa anaangalia sahani yake kwa bidii. Loretta alikuwa ameficha mdomo kwa leso. Nives akarudia mstari wa mwisho kwa Kilatini, kimoyomoyo, na akamwona Lattanzio kama alivyokuwa kweli: mtu anayeingia darasani asubuhi ya kwanza, mbele ya wavulana wanaomwogopa, na kuwapa mwalimu wa kumcheka kabla ya kuwapa sarufi. Akaona kwamba sura yake yote ndefu ilikuwa picha ya Nives Bartolacci aliyevishwa joho la zamani.

Kicheko kilimpanda kutoka tumboni. Alijaribu kukizuia kwa mazoea, kikamshinda, akacheka mpaka akashika meza. Hapo ukumbi mzima ukapasuka, huku na kule. Iole akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa.

Learco alisubiri mpaka kelele zikapungua. Alikuwa na machozi, na kwa mara ya kwanza kifungo cha koti kilikuwa wazi.

"Mwalimu," alisema, "ungetuanzisha na hiki, mimi Kilatini ningekipenda."

Alisema bila kinyongo, na ndiyo maana maneno yake yalichoma. Nives alimwambia ni kweli, na kwamba anasikitika. Learco akamwekea nyama ya sungura kwenye sahani, akamwambia ale, imeshapoa.

Jopo lilimpa Nives hadi vuli kuandika upya sura yake, na msimamizi akakiri kwamba sasa kuna kitu cha kuandika. Aliifuta yote. Loretta alienda pwani peke yake na kurudi mweusi kwa jua na mwenye furaha, akamkuta dada yake amezungukwa na karatasi, anacheka peke yake kama mgonjwa wa homa. Mabango ya Montefosco yalibandikwa mengine juu yake, na mvua ya kwanza ikayafunua tena.

Maonyesho yalifunguliwa Castelrovero mwezi wa saba, ndani ya kanisa dogo, kwa sababu maktaba bado ilikuwa kwenye matengenezo. Nusu mbili zililala ndani ya kabati moja la kioo. Watu wa Montefosco walivuka daraja kwa wingi ambao haujaonekana tangu vita, wakidai wamekuja kulinda mali yao. Egisto aliwakaribisha mmoja mmoja, akawaonyesha viti vya mbele, kisha akamwita Mwalimu aseme machache.

Nives alisimama mbele yao. Aliwaona wanafunzi wake wa zamani wakinyoosha migongo na kunyamaza, wengine wenye mvi, wamekaa kama wanaosubiri mtihani. Alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi, inayoanza na tarehe na majina ya wachapishaji. Akaikunja na kuitia mfukoni.

"Palikuwa na mwalimu mmoja mkali sana," alianza, "na mnamjua."